Vua kiriba kwanza

Jumamosi nilipita pale kiwanjani nikawakuta mnapanda mikuyu. Udongo umelowa masika, mashimo mapana, makumbi yamerundikwa tayari, roho yangu ikafurahi. Mara nikamwona kijana anatumbukiza mche pamoja na kiriba chake, ule mfuko wa nailoni wa kitaluni, amekichana kitako tu. Nikamwambia, "Mwanangu, vua hicho." Akanijibu, "Babu, mizizi itatoka yenyewe kwa chini." Jibu hilo niliwahi kulitoa mimi, neno kwa neno. Basi someni haya kabla ya Jumamosi nyingine.

1. Ujue mti wako. Mmoja wenu kanionesha kwenye simu vipimo vya sikamori wa Marekani. Huo ni Platanus, hupukutisha majani wakati wa baridi. Mkuyu wetu ni Ficus sycomorus, ndugu wa mtini, matunda yake hubebwa shinani na kwenye matawi makubwa. Majina yamefanana, miti mbalimbali. Kigingi cha mkuyu ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu kinashika, kwa hiyo acheni kuhangaika na mbegu.

2. Kwenye uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, mtaimbo uvunje na kingo za shimo. Shimo lililochongwa duara ndani ya jiwe ni chungu cha maua.

3. Kiriba. Hapa nivumilieni.

Nilipewa kazi ya kupanda mikuyu 24 kwenye kiwanja cha skuli moja upande wa mashariki wa Unguja. Gari la kubebea miche halikupatikana masika ile, vuli ikapita, ikaja masika ya pili miche bado imo kitaluni, kwenye viriba vidogo vilevile. Kwa juu ilipendeza, mirefu, majani mapana. Kwa chini niliiona mizizi imezunguka kama nyoka aliyejikunja. Niliiona. Nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla mvua haijakatika, nikachana vitako, nikafukia.

Miaka sita kila apitaye alinisifu. Watoto walishaanza kukaa kivulini wakati wa mapumziko, walimu wakatoa mabao nje. Mwaka wa saba, kusi la Julai, mkuyu wa katikati ukalala usiku. Nilipofika asubuhi sikukuta mzizi hata mmoja ulioelekea pembeni. Nilikuta fundo lenye umbo la kiriba, nailoni bado imo ndani, na mzizi mmoja mnene kama mkono wangu umelizunguka shina kama kamba ya usumba. Mzizi unaozunguka hunenepa pamoja na shina, mpaka unalikaba, na mti hauna cha kuushika ardhini. Tukafukua mingine, 15 ilikuwa hivyo hivyo. Ikabidi ikatwe yote 15, kwa sababu chini yake hukaa watoto. Binti mdogo akaniuliza, "Babu, sasa tukae wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo: vua kiriba chote. Ukikuta mizizi imezunguka, kata kwa kisu kikali ubavuni, juu mpaka chini, mara tatu au nne, na kitako ukifyeke. Mche utanyong'onyea wiki mbili tatu, kisha utainuka. Na shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, isifukiwe.

4. Nafasi. Mita 12 kati ya mti na mti ni kidogo, mkipata 15 bora. Mbali na birika la kuhifadhia maji, karo la choo na ukuta, maana mizizi ya mkuyu hufuata maji. Nendeni pale Mtini, mbele ya bandari ya Mji Mkongwe, mkautazame ule mti uliopandwa 1911. Hauna undugu wa karibu sana na mkuyu, lakini ukubwa wake utawafundisha kuliko mimi. Nilipokuwa kijana nilikaa chini yake kutwa nzima nikisubiri chombo, jua halikunigusa.

5. Matunda yakiiva popo watakuja na watu watalalamika uchafu. Maegesho yasiwekwe chini yake. Wenzetu wa Pemba wana popo wao wakubwa, wasiopatikana kwengine duniani, na kuyu ni chakula chao. Msikate mti kwa ajili hiyo.

6. Makumbi yasiguse shina.

Ile miche iliyobaki kitaluni msiiguse kabla sijafika. Nitakuja alfajiri, na kila mmoja aje na kisu chake kimenolewa.