Sio draiva, ni waya

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Nina hadidiski ya nje, nikiichomeka kwenye laptopu yangu ya Linux kupitia habu (kile kigawanyio cha poti za USB) kitaa kinawaka, inalia tik tik afu basi, haionekani popote. Nikiandika dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa mfumo, naona "device descriptor read/64, error -71" inajirudia rudia. Nimeshapiga Linux upya mara mbili na bado. Ni draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa?

JIBU: Pole ndugu, umejichosha bure. Kifaa kikichomekwa keneli, yaani kiini cha Linux, inakiuliza kwanza we nani, umetengenezwa na nani, unataka umeme kiasi gani, hiyo ndo deskripta, na draiva inakuja kutafutwa baadae kulingana na jibu, sasa wewe hata jibu halijafika. -71 ni kwamba mazungumzo yenyewe yamevurugika hukohuko kwenye waya. (Ingekuwa -110, hapo keneli imesubiri mpaka muda umeisha.)

Hiyo tik tik inanifanya nishuku umeme. Poti ya USB 2.0 inatoa miliampia 500, ya 3.0 inatoa 900, na mota ya diski ikianza kuzunguka inavuta kweli, halafu wewe umeipitisha kwenye habu ambayo kama haina chaja yake basi vifaa vyote vinagombania hizohizo. Toa habu, tafuta waya mfupi, chomeka moja kwa moja. Kabla hujachomeka fungua terminali uache dmesg -w ikikimbia, ikuonyeshe ujumbe papo hapo. Ikitokea "New USB device found" na idVendor na idProduct (namba za mtengenezaji na za kifaa), umepona. Mistari ya disconnect ikimiminika kila ukigusa shingo ya waya, tupa huo waya.

Ila kama inalia hivyohivyo na waya mwingine kwenye kompyuta nyingine, acha kuichomeka kabisa, inawezekana diski yenyewe inakufa na kila jaribio linakula data zako.

SWALI: Bodi yangu yenye CH340 (chipu ya kugeuza USB kuwa poti ya serial), dmesg inasema ttyUSB0, yaani hiyo poti yake, ipo, sekunde moja baadae imepotea! Natumia Ubuntu 22.04.

JIBU: Waya wako mzima. Kuna programu inaitwa brltty, ya vifaa vya nukta nundu vya wasioona, inaiona namba 1a86:7523 ya hiyo chipu inadhani ni kifaa chake, inaibeba. Kama huihitaji piga sudo apt remove brltty, chomoa, chomeka tena. Ikikwambia permission denied, jiunge kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti hizo, afu logauti uingie upya, wengi wanasahau hiyo ya kulogauti.