Kaspasi si mchwa: niliyojifunza kwa seli zinazokufa

Miezi yangu ya mwanzo maabara niliimaliza nikimwaga majibu yangu kwenye ndoo ya taka. Nilikuwa naziwekea seli dawa ya staurosporini ili zife, nasubiri saa kadhaa, nanyonya midia (maji ya lishe ya seli), nasuuza sahani vizuri kama nilivyofundishwa, ndipo navuna. Kisha nashangaa: mbona Akt, protini inayoiambia seli iishi, iko vilevile? Seli inayokufa huachia sahani ikaelea. Nilichokuwa nakivuna ni zile zilizonusurika. Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla ya nadharia yoyote: kusanya midia, kusanya na maji ya kusuuzia, zungusha kwenye sentrifyuji, halafu changanya na seli zilizobaki zimeshika sahani. Fanya hivyo hata siku unayoona hakuna kinachoelea.

Sasa nadharia. Wengi huja na picha kwamba apoptosisi, yaani kifo cha seli kilichopangwa, ni ubomoaji mtupu: kaspasi, vimeng'enya vinavyokata protini, zinaamka, zinatafuna kila kitu, basi. Picha hiyo itakupoteza. Kaspasi si mchwa, ni mkasi. Inakata baada ya aspati (mojawapo ya asidi amino zinazounda protini), tena aspati iliyo mahali maalumu katika mnyororo wa protini, na mara nyingi inakata pahali pamoja au pawili tu. Vipande vinabaki, na vingine vina kazi mpya. Ndiyo maana swali la kujiuliza mbele ya bloti (picha ya bendi za protini) ni "kipande kilichobaki kinafanya nini?" Ukiishia kuuliza kama protini imekatwa au haikukatwa, umeuliza nusu.

Kumbuka pia kwamba seli hai inaishi kwa kuambiwa iishi. Akt inaipachika fosfati Bad, protini inayochochea kifo, na Bad yenye fosfati inashikiliwa na protini za 14-3-3 mbali na mitokondria. NF-κB, protini nyingine ya uhai, inawasha jeni za vizuizi vya kaspasi, XIAP ikiwamo. FAK inapeleka habari kwamba seli bado imeshika chini. Sauti hizi zikiendelea kuita wakati kaspasi-3 imeshaanza kazi, kifo kinaweza kukwama njiani. Kwa hiyo kaspasi hukata wazungumzaji wenyewe: Akt, Raf-1 (nayo ni protini ya ishara za uhai), FAK, zote zimo katika orodha ya vinavyokatwa.

Wengine hawanyamazishwi tu, wanageuzwa. Bcl-2, mlinzi maarufu wa mitokondria, ikikatwa kwenye aspati ya 34 hupoteza sehemu yake ya mbele, na kipande kinachobaki huchochea kifo kilekile ilichokuwa inakizuia. RIPK1, protini ya kupitisha ishara, nayo ikikatwa na kaspasi-8 kwenye aspati ya 324, mkia unaobaki huzuia ishara ya kwenda NF-κB. Mkato mmoja, faida mbili kwa upande wa kifo.

Ila iliyonibadilisha mimi ni RasGAP. Ni protini yenye uzito wa kilodaltoni 120 hivi. Kaspasi-3 ikiwa kidogo, inaikata kwenye nafasi ya 455, na kipande cha mbele kinachotoka hapo huwasha Akt. Yaani mkasi wa kifo unatengeneza kinga! Seli iliyopata msukosuko mdogo inajiokoa kwa njia hiyo. Kaspasi zikizidi, kipande hichohicho kinakatwa tena kwenye nafasi ya 157, na kinga inakwisha. Protini moja, mikato miwili, na kinachoamua ni kiasi cha kaspasi. Ukichukua sampuli mbili tu, saa sifuri na saa ishirini na nne, kipande cha kati utakikosa kabisa, kwa sababu kimekuja na kimeondoka ukiwa umelala. Chukua sampuli nyingi za mwanzo, na jaribu vipimo tofauti vya dawa, hata kile kidogo unachodhani hakifanyi kitu.

Kingamwili unayotumia kuionyesha protini kwenye bloti inashika wapi? Soma karatasi yake kabla ya kuifungua. Kama inashika mwisho wa protini na mkato umepita katikati, kipande cha mbele hutakiona, na utaandika "protini imepotea" wakati nusu yake iko palepale. Na ukitumia kingamwili ya Akt yenye fosfati kwenye serini ya 473, weka kando yake kingamwili ya Akt yote, yenye fosfati na isiyo nayo. Fosfati ikipungua huku Akt yote haijapungua, ishara imezimwa kwa kuondolewa fosfati. Vyote vikishuka pamoja, huenda Akt yenyewe imekatwa. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya hata kwenye mikutano. Usiiamini sana aktini, protini inayotumika kulinganisha kiasi cha sampuli, hapa, maana nayo ni chakula cha kaspasi. PARP-1, protini ya kurekebisha DNA, ndiyo shahidi mzuri wa mkato: kutoka kilodaltoni 116 kwenda 89.

Bendi iliyofifia kwa nusu ina mtego wake. Seli hazifi kwa pamoja. Moja ikishaanza huenda mbio, nyingine jirani yake bado hata haijasikia. Nusu ya bendi inaweza kuwa nusu ya seli zimekatwa kabisa. Hilo bloti haiwezi kukuambia; nenda kwenye darubini au pima aneksini V, inayonata kwenye seli inayokufa, seli kwa seli.

Na kukatwa si ushahidi kwamba mkato ndio uliozima ishara. Badilisha aspati ile iwe alanini, asidi amino nyingine, ili mkasi ukose pa kushika, kisha uangalie kama seli zinachelewa kufa. Zisipochelewa, umeona kifusi tu, na hilo nalo liandike.

Jambo la mwisho ni zVAD. Kila mgeni huiweka kuzuia kaspasi akitegemea seli zitapona. Ukiiweka pamoja na TNF (ishara ya kinga inayoweza kuua seli) kwa seli za panya za L929, zitakufa zaidi. Kaspasi-8 isipoikata RIPK1, RIPK1 inafungua mlango wa nekroptosisi, kifo cha aina nyingine, na seli inapasuka. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilidhani nimebadilisha mirija, nikarudia jaribio zima mara tatu.