Difu Ikilia, Usikimbilie Kukaza Nati

Difu nyingi (kasha la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu) zinazoletwa kwangu hapa Moshi zikilia zina historia moja. Sili ya pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, ilivuja, ikabadilishwa, nati yake ikakazwa kwa bomba refu ili isilegee tena, na muda si mrefu mlio ukaanza. Kwenye difu nyingi za magari madogo, nyuma ya nati hiyo kuna kibushi chembamba cha chuma kinachobonyea, na ndicho kinachoamua beringi mbili za pinioni zibanwe kiasi gani. Kikishabonyea kupita kiasi hakirudi. Beringi zitapata moto na kuliwa, pinioni itaanza kucheza, kisha meno nayo yatafuata. Ukifungua nati, weka kibushi kipya.

Na mara nyingi sili haikuwa na kosa! Gari linaloshinda kwenye tope la Kibosho au vumbi la mbugani huziba kipumulio cha difu. Hewa ya ndani ikipata joto inakosa pa kutokea, inaisukuma oili kwenye sili. Zibua kipumulio kwanza.

Kwa kusikiliza, mimi hupenda barabara ya Arusha, sehemu zilizonyooka baada ya Boma Ng'ombe, wakati hakuna msongamano. Ukiwa tambarare, toa gia, injini ikiendelea kuwaka. Mlio ukibaki na kushuka pamoja na mwendo, chanzo ni tairi, beringi za magurudumu au difu. Sauti ya tairi hubadilika lami inapobadilika. Ya beringi ya gurudumu hubadilika gari likilalia upande kwenye kona. Mlio mwembamba unaotokea ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia, huo ni wa meno yasiyokutana vizuri. Mngurumo mzito wa kila wakati, shuku beringi. Kama ni kishindo tu unapoondoka, kagua krosi za propela (viungo vya shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) kabla ya kugusa difu.

Kazi ya kufunga ina mpangilio wake na haipendi haraka. Kwanza kina cha pinioni, kinachorekebishwa kwa shimu, yaani vibati vyembamba. Halafu mkazo wa beringi zake, unaopimwa krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) ikiwa nje, kwa kuzungusha pinioni na spana ya kipimo. Beringi mpya zinahitaji mkazo mkubwa kuliko za zamani. Ndipo unarudisha krauni na kupima nafasi kati ya meno kwa geji ya saa, ile yenye mshale kama wa saa. Magari mengi ya aina hii hutaka kati ya milimita 0.13 na 0.20, ila fuata kitabu cha gari lako. Kidole hakiwezi kupima hicho.

Mwisho paka meno rangi, zungusha pande zote mbili huku krauni ikizuiwa kidogo, usome alama. Ikikaa katikati ya jino, vizuri. Ikipanda kwenye ncha, pinioni iko mbali na krauni. Ikizama kwenye shina, imeingia mno. Fundi anayeruka hatua hii, mwombe kwa upole airudie ukiwa umesimama pale.

Ukinunua za mtumba, chukua pinioni na krauni zilizotoka difu moja, kwani zilisagwa pamoja kiwandani. Hesabu meno kabla ya kulipa: krauni 41 kwa pinioni 10 ni uwiano wa 4.1. Kwa gari la kuvuta magurudumu manne, uwiano wa difu ya mbele lazima ulingane na huo.