Mkutano wa tawi na mtu wa shifti: niliyojifunza nikiwa katibu

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha siasa Mabibo, Dar es Salaam, kwa miaka mitano. Chama sikitaji, kwa sababu haya ninayoandika nimeyaona hata kwa majirani zetu wa vyama vingine. Daftari letu lilikuwa na wanachama 140 na kidogo, lakini mkutanoni tulikuwa tunakaa watu ishirini, tena wale wale: wastaafu, wenye maduka ya jirani, mafundi wanaojipangia kazi zao, na sisi viongozi. Kila muhtasari uliopelekwa juu uliandikwa "mwamko wa wanachama ni mdogo". Jibu likarudi kwamba tuongeze hamasa. Tukaongeza. Tukaazima spika, tukapita nyumba kwa nyumba. Mkutano uliofuata walikuja 23.

Aliyenizindua ni mlinzi mmoja anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimkuta uani anafua sare, nikamuuliza kwa ukali kidogo mbona ada analipa lakini mkutanoni haonekani. Akalikamua shati, akalianika, akalinyoosha kola kwa vidole, ndipo akanijibu: "Katibu, mimi sijakataa kuja. Nyinyi ndio mnakutana nikiwa getini."

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Mabibo ni mtaa wa watu wa shifti. Kuna viwanda, kuna eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje pale External, kuna soko la Mahakama ya Ndizi ambako wabeba mizigo wana saa zao kabisa, kuna manesi, walinzi, madereva na makondakta. Sisi tulikuwa tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Saa hiyo ilikuwa imeshachagua nani aje kabla hatujapeleka tangazo lolote.

Kabla hujamlaumu mtu, kumbuka sheria yenyewe inasemaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mtu afanye kazi siku sita kwa wiki, saa 45 bila kuhesabu saa za ziada, na inamtaka mwajiri ampe saa 24 za kupumzika kila wiki. Ndani ya hizo saa 24 kuna kufua, kuna watoto, kuna ibada, kuna msiba wa jirani, kuna usingizi. Ukimwita mkutanoni unaomba kipande cha hizo saa. Usikiombe ovyo.

Tulichofanya kwanza ni kuuliza. Kwenye daftari la wanachama niliongeza safu mbili: unaingia kazini saa ngapi, na unabadilisha shifti lini. Ilinichukua wiki tatu, kwa sababu nilimfuata kila mtu nyumbani kwake. Hilo nalisisitiza: nyumbani, si getini kwa mwajiri wake. Wapo waajiri wasiopenda kusikia siasa, na mtu anaweza kupata matatizo kwa karatasi uliyompa wewe. Jina la kampuni usiliandike kabisa. Hulihitaji, unachohitaji ni saa.

Baada ya hapo tukakosea, na nakueleza ili usirudie. Tuliona wengi wanatoka shifti ya usiku saa moja asubuhi, tukasema basi, tukutane saa mbili, wapitie hapo hapo kabla ya kwenda nyumbani. Walikuja kweli. Mama mmoja wa kiwandani alikaa benchi la pili, mkoba mapajani, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Tulipofika "Yatokanayo" kichwa kilikuwa kimemlalia ukutani. Tulipopiga kura ya mikono jirani yake alimgusa, akanyoosha mkono bila kujua tunapigia nini. Niliona aibu mpaka leo. Mtu aliyekesha ana haki ya kulala kwanza. Anayetoka saa moja, akifika nyumbani, akaoga na kula, atalala mpaka saa nane mchana. Saa yake nzuri ni kati ya tisa na nusu na kumi na moja jioni, ameshaamka na bado hajaanza kujiandaa kuingia tena.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijaona mtu akilieleza, nami niligundua nikiwa na kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Wengi hawako kwenye shifti moja siku zote. Wanabadilishana kila wiki. Chukua mtu wa shifti mbili, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Ukikutana kila baada ya wiki nne, mkutano utamkuta kwenye shifti ile ile daima. Kama wa kwanza ulimkuta kazini, wa pili utamkuta kazini, na wa tatu, na wa nne. Jumamosi ya kwanza ya mwezi mara nyingi ni wiki nne kutoka ile iliyopita, mara chache tano. Kumbe tulikuwa na watu ambao ratiba yetu iliwafungia nje mwezi baada ya mwezi bila sisi kujua, na wenzao wa kundi la pili wakapata nafasi kila mara.

Ukisema basi tukutane kila wiki tatu, wa shifti mbili wanapona, lakini wa shifti tatu wanaozunguka kila wiki wanaumia, kwa kuwa wiki tatu ndio mzunguko wao kamili. Tuliposogeza mkutano ukawa kila baada ya wiki tano, hesabu ikakaa sawa kwa wote wawili. Wa shifti mbili anakosa mmoja na kupata mmoja. Wa shifti tatu anazipitia zote tatu. Wenye kubadilisha kila wiki mbili wana hesabu yao nyingine, ndiyo maana ile safu ya "unabadilisha lini" ni ya lazima. Chora wiki kumi na mbili, weka mikutano yako, fuata jina moja moja kwa kidole. Ukiona jina limekosa mitatu mfululizo, tarehe yako ina kasoro.

Hata hivyo hakuna saa moja inayowafaa wote, na ukiendelea kuitafuta utachoka. Sisi tuliamua kukaa vikao viwili vya ajenda ile ile ndani ya wiki moja: Alhamisi saa tisa na nusu alasiri, na Jumapili saa moja na nusu usiku. Walinzi wa mchana wanaopokelewa saa kumi na mbili jioni waliwahi kile cha Jumapili. Kwa kuwa ni mkutano wa ndani, hatukubanwa na utaratibu wa mikutano ya hadhara, wa kutoa taarifa polisi saa 48 kabla. Masharti yalikuwa mawili: kikao cha Alhamisi kisitoe uamuzi, na hoja zake zisomwe neno kwa neno Jumapili kabla mtu mwingine hajazungumza. Kuhusu akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali, soma katiba ya chama chako na upate kibali cha kata kwa maandishi. Sisi tuliruhusiwa kuhesabu mahudhurio ya vikao vyote viwili kwa majadiliano, si kwa uchaguzi.

Kwenye kuchagua watu usicheze na njia za mkato. Kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 tulikuwa na kura za maoni za kumpata mgombea uenyekiti wa mtaa. Tuliomba, na tukakubaliwa, sanduku likae wazi tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili usiku, wasimamizi wakipokezana na kila mgombea akiwa na wakala wake hapo. Asubuhi ile walipiga kura watu waliovaa ovaroli.

Kuna mambo mengine madogo yanayoua mkutano. Kumsubiri mgeni rasmi ni la kwanza. Mtu anayeingia kazini saa kumi na moja hawezi kukaa saa nzima akiimba nyimbo za chama kwa sababu mheshimiwa yuko njiani. Tuliandika kwenye tangazo saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na mgeni akichelewa anakuta tumeendelea. Kikao cha usiku kiishe saa tatu kasorobo, tena tuliwasindikiza akina mama kwa makundi hadi majumbani. Watoto waje, tulitandika mkeka pembeni. Siku ya Simba na Yanga usiite mtu.

La mwisho ndilo lililobadilisha tawi letu. Angalia ajenda yoyote ya tawi: kufungua, kusoma muhtasari, yatokanayo, taarifa ya viongozi, na mwisho kabisa "Mengineyo". Shida za wanachama zote huangukia kwenye Mengineyo, na ikifika hapo mtu wa shifti ameshaondoka. Tukaigeuza. Mengineyo ikawa ya pili, mara tu baada ya kufungua, na aliye na saa ya kuwahi ndiye anaanza.

Jumapili ya kwanza ya utaratibu huo, yule mlinzi jirani yangu alisimama bado na buti za kazini. Akaeleza kipande cha njia kati ya kituo cha basi na makazi yetu, pale kwenye mtaro, ambako wanaotoka usiku walikuwa wanaporwa simu. Akataja siku, akataja saa. Mama wa kiwandani akaongeza kwamba mwenzake alikatwa mkono. Kwa miaka yote ya nyuma tulikuwa tumejadili bendera, ukarabati wa ofisi na ziara za viongozi, na hakuna aliyewahi kuutaja mtaro ule, kwa sababu sisi ishirini tunakuwa tumelala saa hizo. Wiki ile ile tuliandika barua serikali ya mtaa, tukaipeleka wanne, na mlinzi alikuwa mmoja wao. Aliomba tuende Jumatano saa tisa alasiri, ndio muda aliokuwa nao, na Jumatano saa tisa tulikuwa mlangoni.