Ufasaha wa Mama Ulituficha Ugonjwa Wake

Mama alikuwa kijumbe wa upatu mtaani kwetu kwa zaidi ya miaka 20, na zamu za wanawake wote alizishika kichwani bila daftari. Alipompa mama mmoja fedha mara mbili katika mzunguko mmoja, tulidhani amechoka, kwa sababu maneno yake yalikuwa yale yale matamu. Marehemu baba alipopata kiharusi na ulimi ukawa mzito, tulimkimbiza hospitali siku ile ile. Mama, aliyekuwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na akili polepole, tulimchelewesha karibu miaka 3.

Kwa wastani, wanawake huwazidi wanaume katika vipimo vya kukumbuka maneno, na uwezo huo huo unaweza kuuficha ugonjwa wa Alzheimer unapoanza, kiasi kwamba mgonjwa anayepimwa kwa maneno huonekana mzima ilhali ubongo umeshaanza kudhurika. Kwa hiyo mlinganishe mama yako na alivyokuwa mwenyewe miaka 5 iliyopita, wala usimlinganishe na baba au jirani, na uzitazame zaidi kazi alizozizoea kuliko mazungumzo yake.

Siku tulipofika kliniki, mama alipewa penseli achore saa kama kipimo cha akili, yeye aliyetolewa shule darasa la pili ili alee wadogo zake huku kaka zake wakiendelea kusoma. Alishindwa, akainama kwa aibu, nami hadi leo naumia kwamba nilinyamaza. Mwambie mhudumu mapema mzee wako alisoma hadi wapi, kwa kuwa vipimo visivyodai kalamu vipo: wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapa wazee njiti za kiberiti wazipange kwa kufuata mfano. Naamini sehemu ya kile tunachokiita tofauti ya ubongo wa kike na wa kiume ni tofauti ya nani alipelekwa shule. Hata jopo la jarida la Lancet, mwaka 2024, liliitaja elimu ndogo miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya magonjwa ya kupoteza kumbukumbu kama huu na yanayoweza kurekebishwa, pamoja na shinikizo la damu, kisukari na kupungua kwa usikivu.

Mimi nina miaka 50 na hedhi inakoma. Usahaulifu wa kipindi hiki huwapata wengi, na si lazima uwe ugonjwa, lakini nimeandika daftarini kazi ninazozimudu leo bila msaada, na binti yangu anajua daftari hilo liko wapi.