Kwa madogo mnaopewa umeneja wa timu ligi ya mkoa hapa Tanga

Naona msimu huu vijana wengi mmepewa umeneja, hongereni, ila kupanga kikosi muachieni kocha. Nyie lindeni pointi zisipotee nje ya uwanja, maana huku chini timu inaweza ikawa na mpira mzuri kinoma afu ikafa kwa makaratasi na nauli.

Leseni za wachezaji kwanza. Kuna jioni mtu atakuja kukwambia yupo straika kaja likizo Makorora, moto balaa, tumchezeshe kwa leseni ya fulani si anaumwa. Kataa, hata kama aliyekwambia ndo mwenyekiti. Hao wapinzani wamekua nae mtaa mmoja, wamesoma nae, wanamjua mpaka bibi yake, watakaa kimya mshinde mshangilie mpige na picha, kesho yake wanakata rufaa kwamba mmechezesha mamluki na pointi zinaondoka mezani. Faili la leseni lala nalo wewe mwenyewe, usilichanganye kwenye begi la jezi na soksi za jasho.

Safari nazo zinaua. Mkipangwa Lushoto, lami ya kunyooka inaishia Mombo, kutoka hapo ni kona tupu kilomita kama 30 za kupanda, na mchezaji alieshindilia chipsi mayai Korogwe anafika juu macho yamelegea hata kamba za viatu hazioni. Wali na maharage mapema, chipsi wakati wa kurudi. Na mtoto wa Ngamiani, huku mjini kwenye joto, mwambie abebe sweta, baridi ya kule sio ya kuhadithiwa. Coaster ya kukodi usiiamini sana, kama mfuko unaruhusu tanguliza wachezaji hata saba kwa basi la asubuhi pamoja na leseni na seti ya jezi, kwa sababu kisheria timu ikiwa na pungufu ya saba mechi haianzi, bora muanze saba wengine waingie wakifika kuliko kupigwa chini bila kugusa mpira.

Afu kuna kamati ya ufundi, si mnaelewa naposema kamati ya ufundi, wale wa mambo ya waganga na kuvalisha wachezaji hirizi. Wazee wa timu mimi sigombani nao, ila sheria namba 4 ya mpira inakataza pete, cheni, bangili, na kuifunika kwa plasta pia hairuhusiwi, kwahiyo beki wako atatolewa nje akaivue, na yeye ameambiwa asiivue, anabishana na mwamuzi huku nyie mnacheza kumi na kona inapigwa. Hayo yamalizeni chumbani. Kinachonishangaza tu hela ya mtaalamu, yaani mganga, inapatikana siku hiyohiyo, ya maji na barafu mnazungushwa wiki.

Wachezaji waambieni ukweli pia. Coastal Union ya hapa Tanga ilibeba ubingwa wa nchi 1988 na kila dogo anaeingia Mkwakwani anajiona yupo kule, lakini bingwa wa mkoa anaenda kwanza Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, akitoboa ndo First League, afu Championship, Ligi Kuu bado iko mbele.

Mwisho ndondo, yale mashindano ya mtaani. Huko wachezaji wanalipwa papo hapo, kwenu posho ya ahadi, mchezaji wako akienda utamlaumu vipi? Ila ukisikia kuna fainali ya ndondo Jumamosi na nyie mnacheza Jumapili, namba 10 wako mtume sokoni akusaidie kubeba maji, mpe na nauli, mradi saa kumi isimkute karibu na kile kiwanja.