Unataka kiwanja Mtwara? Muulize mjomba kwanza

Msimu wa korosho ukikaribia tu simu zinaanza, watu wa Dar na hata wa kwetu walioko mbali wanauliza swali lilelile, eti kaka Mtwara sa hivi ninunue wapi, si gesi inarudi? Mimi mtoto wa Chikongola, hapahapa Mtwara mjini, nimepanga hapa, nimejenga hapa, na nimesimamia ujenzi wa wenzangu ambao hawawezi kuja kila wiki, kwaiyo ntasema ninachokijua.

Mji unakua, hilo halina ubishi. Sensa ya 2012 mkoa mzima ulikuwa na watu 1,270,854, ya 2022 ikatoka 1,634,947. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 lilitupunguzia tabu ya kuvuka mto Rufiji, 2015 kikaanza kiwanda cha simenti cha Dangote, sasa kuna malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanashuka bandarini na hospitali ya kanda pale Mitengo. Dereva, nesi, fundi, mama ntilie, wote hao wanataka chumba.

Ila nisikilize vizuri, usinunue kwa habari. Enzi zile za gesi, za "Mtwara kuchele", yaani kumekucha, dalali alikuwa anakupeleka porini kabisa, nyasi zinakufika kiunoni, anakuonyesha kwa kidole hapa hoteli, kule ofisi za wazungu wa gesi, na watu wakatoa hela, wenye nyumba mtaa wa Shangani wakaanza kutaja kodi kwa dola. Bomba likamalizika 2015, gesi ikaenda Dar, wageni wakafunga mabegi, yakabaki magofu mapya hayajapigwa hata plasta. Lindi nao wana yao, huu mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o umesubiriwa miaka na madalali wanauuza kila mwaka kama unaanza keshokutwa. Ukija nao unakuja, siombei mabaya, lakini wewe jenga pale ambapo mpangaji yupo leo, anapoweza kwenda kazini kwa bajaji na maji yanatoka. Na ukachungulie kiwanja mwezi wa tatu au wa nne mvua ikiwa inanyesha, kiangazi kila kiwanja kizuri.

Sasa mjomba. Hapa ndo wageni wengi wanapigwa. Kwetu Wamakonde, Wamakua, Wamwera, ukoo tunaufuata kwa mama, kwaiyo kijana anaweza kuwa amezaliwa kwenye hilo shamba na baba yake kazikwa hapohapo na bado hana mamlaka ya kuliuza, mwenye sauti ni wajomba. Jamaa yangu mmoja alinunua kipande njia ya Naliendele, karatasi ya mtaa ipo, muhuri umegongwa vizuri, akachimba msingi. Siku mafundi wanafunga nondo akatokea mzee mmoja na baiskeli, akaiegemeza kwenye mkorosho uliobaki, akasalimia watu wote mmoja mmoja, ndo akauliza kwa upole kabisa, wanangu, nani kawaruhusu kukata mikorosho yangu? Kumbe kijana kauza cha ukoo, na mikorosho aliipanda mzee mwenyewe! Ilibidi jamaa alipe tena, na fidia ya mikorosho juu, na kesi ya kijana wakamalizana huko kwao.

Kwaiyo kabla ya hela kutoka mfukoni, kaa mkekani na ukoo. Waulize nani alilima hapa mwanzo, miti ya nani, makaburi yako wapi, na wajomba wasaini, sio mwenyekiti wa mtaa peke yake. Mke wa muuzaji naye asaini kama ni nyumba wanayoishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuiuza bila ridhaa yake, mke hivyohivyo. Majirani wa pande zote waonyeshe mipaka, tena mchana. Alafu nenda ardhi pale manispaa ukaulize mchoro wa eneo, kuna viwanja vinauzwa na kwenye ramani ni barabara. Mtu anayekuharakisha eti kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwambie amuuzie huyo.

Wapenda bahari, ile "biichi ploti" pima mwenyewe kwa futi kamba. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na dalali hatakwambia.

Mikindani, ule mji wa zamani hapa jirani, ni habari nyingine. Siku hizi naona watu wanataka nyumba za zamani za mawe wafanye gesti, na mimi nafurahi kuliko kuona zinaanguka, lakini mnaziua kwa simenti. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua, chumvi na unyevu vinatokea nje. Ukizipiga plasta ya simenti unyevu unabaki ndani, rangi inavimba, plasta inabanduka mabamba mabamba na wewe unamlaumu fundi. Tumia chokaa, tafuta fundi anayeijua. Boriti za mikoko usizitoe zote kwa mkupuo, kagua mojamoja, nyingi bado nzima. Na usivunje kitu kabla hujauliza manispaa na watu wa mambo ya kale, maana jengo la kabla ya 1863 linalindwa na sheria ya mwaka 1964, hata kama hati ina jina lako.